Kusoma si Ushahidi wa Kupona: Nasaha kwa Familia za Askari Waliojeruhiwa Nafsi

 

Familia nyingi za pwani zina watoto na ndugu katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Wa kwanza walipelekwa na reli, na kwa miaka mingi ukifika Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli kando ya Barabara ya Jogoo, hukukosa mlango wa kubisha hodi ukajibiwa kwa lafudhi ya kwetu. Katika baadhi ya nyumba za familia hizo kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu anayeliuliza ni mke. Mume alikuwa askari. Alirudi kutoka Somalia mwili wake ukiwa mzima, lakini usingizi umemtoka. Madaktari wakaandika kwamba ana ulemavu uliotokana na utumishi, na kwa hati hiyo hupokea malipo yanayosaidia kodi ya nyumba na karo ya watoto. Sasa anataka kuingia chuo ajifunze ufundi wa umeme. Je, akionekana darasani, si watasema amepona, wamkatie?

Jawabu letu ni kwamba asome. Kusoma si ushahidi wa kupona. Lakini asome akiwa ameandika kila jambo, akisema kweli yote, pasipo kuficha juhudi yake wala kuuzidisha ugonjwa wake. Hofu isiyo na elimu imewafungia ndani wanaume wengi ambao darasa lingekuwa sehemu ya dawa yao. Uzembe wa karatasi nao umewapotezea wengine haki waliyoitolea damu. Tunataka kuwaepusha wasomaji wetu na hasara zote mbili.

Mitaa inayokumbuka vita

Eastlands si mgeni wa askari. Kariokor ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliobeba mizigo ya majeshi ya Mwingereza kwa maelfu, wengi wasirudi. Soko la Burma, jirani na Makongeni, jina lake linakumbusha nchi ambayo askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili. Wazee hao walirudi na mambo ambayo hawakuwa na jina la kuyaita. Jirani alisema fulani amerukwa na akili, au ana jini, au amekuwa mkali tu. Mke alivumilia, na watoto walijifunza kutembea kwa vidole baba anapokuwa sebuleni.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa, na tarehe 27 Januari 2017 ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Tunawaombea waliofariki rehema na subira kwa jamaa zao. Lakini wako waliorudi hai, na vita vikarudi pamoja nao.

Tofauti ya leo na enzi ya wazee wetu ni kwamba maradhi hayo yana jina. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaingiza katika kitabu chake cha magonjwa, baada ya nchi hiyo kuwaona askari wake waliotoka Vietnam. Madaktari huyaita kwa herufi PTSD. Sisi tutayaita ugonjwa wa kiwewe. Mgonjwa hulirudia tukio akiwa macho au ndotoni, kana kwamba linatokea sasa. Hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Hukaa macho daima kama mlinzi asiyebadilishwa zamu; mlango ukibamizwa huruka, na neno dogo humchoma. Ugonjwa huu una tiba ya mazungumzo na ya dawa, na wengi hupata nafuu kubwa. Kutafuta tiba ni sunna, wala hakupingani na dua na kisomo cha Qur'ani.

Uwezo unaokuja na kuondoka

Ugonjwa wa kiwewe haukai mahali pamoja, na hili ndilo linalowatatiza watu wengi. Leo mtu huamka, akaoga, akaenda sokoni na kuzungumza vizuri. Kesho gurudumu la lori linapasuka barabarani, naye hatoki chumbani siku mbili. Anayemwona leo husema ni mzima, na anayemwona kesho husema hana matumaini. Wote wawili wameona kweli, lakini wameona nusu.

Waislamu hatupaswi kushangazwa na jambo hili, kwa maana tumelisoma chuoni tangu utotoni katika mlango wa swala ya mgonjwa. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa. Akipata nguvu katikati ya swala, husimama. Nguvu zikimwishia, hukaa tena. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kwa kuwa alisimama rakaa moja, ruhusa yake imefutwa milele. Sheria imetazama hali ya mtu kama ilivyo, si kama jirani anavyoikisia.

Tumejifunza pia kanuni kubwa ya fiqhi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kila mama anaitumia kanuni hii nyumbani: mwenye yakini ya udhu, akiingiwa na shaka kama umetenguka, hubaki na udhu wake. Askari aliyepimwa na madaktari na ugonjwa wake ukaandikwa, hali hiyo ni yakini iliyothibiti. Kuonekana na begi la vitabu ni shaka tu. Yakini ya kwanza inaweza kuondolewa na yakini nyingine, yaani uchunguzi kamili wa daktari unaoonyesha kwamba mtu amebadilika kweli na mabadiliko hayo yamedumu. Picha ya simu au maneno ya barazani hayafiki daraja hiyo.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 260, inapoeleza maana ya ulemavu haikuishia kwenye macho, masikio na miguu. Imetaja pia ulemavu wa akili na wa nafsi, wenye athari kubwa au ya muda mrefu katika shughuli za kila siku. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya heshima na ya kuzifikia taasisi za elimu. Ukizisoma ibara hizi mbili pamoja, utaona kwamba Katiba haikuiona elimu kuwa kinyume cha ulemavu. Imempa elimu yule yule iliyemtambua kuwa na ulemavu.

Dalili nyingine iko katika kodi. Kwa agizo la 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti aliruhusiwa kusamehewa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za mwanzo za kila mwezi. Tafakarini: msamaha wa kodi ya mapato una faida gani kwa mtu asiye na mapato? Serikali ilipoutoa ilijua kwamba mtu anaweza kuwa na ulemavu wa kweli na bado akafanya kazi.

Wako pia vijana wetu waliohamia Marekani, wakajiunga na jeshi la huko, na mama zao wako huku wakisikiliza habari zao kwa simu. Nchi hiyo hupima ugonjwa wa kiwewe kwa ngazi za asilimia: 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kanuni zake zimelijibu swali letu waziwazi. Askari anayelipwa malipo kamili kwa sababu hawezi kazi, akiwa katika masomo au mafunzo, hapunguziwi kwa ajili ya masomo hayo peke yake. Lazima upatikane ushahidi wa nafuu kubwa, au wa maendeleo ya kazi na mapato, unaoonyesha kwamba anaiweza kazi anayoisomea. Au mafunzo yenyewe yawe mazito kiasi cha kupingana waziwazi na hali aliyodai. Hata akianza kazi ya kumtosha, kazi hiyo peke yake haimpunguzii mpaka aidumishe miezi 12 mfululizo. Na ikikusudiwa kumpunguzia malipo anayopokea, hupewa notisi na siku 60 za kuleta ushahidi wake, na siku 30 za kuomba asikilizwe ana kwa ana.

Kanuni za Marekani hazimfungi afisa wa Nairobi. Tumezitaja ili mjue kwamba nchi yenye maveterani kwa mamilioni imefikia lile lile ambalo fiqhi yetu inalifundisha.

Malipo si kitu kimoja

Tupige mfano wa familia ya Makongeni. Bwana alikuwa dereva na fundi wa magari jeshini. Jambo la kwanza ambalo bibi wa nyumba anapaswa kulijua ni kwamba fedha na manufaa wanayopata huenda yana misingi tofauti. Pensheni ya miaka ya utumishi ni ujira wa kazi iliyokwisha fanywa, wala haitegemei mtu ni mgonjwa au mzima. Malipo ya ulemavu uliotokana na utumishi hutegemea upimaji wa bodi ya madaktari. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ina utaratibu wake, na msamaha wa kodi una wake. Asiyezitenganisha hizi huogopa kupoteza zote kwa jambo linaloigusa moja tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa karo, na iandikwe barua kwa ofisi inayolipa, iulizwe maswali matatu. Malipo haya yamejengwa juu ya msingi gani? Je, kuna wajibu wa kutoa taarifa mtu akianza masomo au kazi? Na upimaji mwingine umepangwa lini? Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Swali likiulizwa kwa maandishi, jibu huja kwa maandishi, na lililoandikwa halikanushwi kwa wepesi.

Pili, amwendee daktari wake kabla ya kujiandikisha, si baada. Amweleze ni kozi gani, ya saa ngapi kwa wiki na mahali gani. Amwombe aandike katika faili kwamba masomo haya ni sehemu ya safari ya matibabu, kwamba ugonjwa ungalipo, na ni mambo gani yanahitaji kuangaliwa. Sentensi mbili za daktari zilizoandikwa kabla ya darasa la kwanza zina nguvu kuliko kurasa kumi zilizoandikwa baada ya malipo kukatwa.

Tatu, achague mafunzo yanayolingana na hali yake. Vyuo vingi vya ufundi sasa hufundisha kwa sehemu fupi fupi, mtu akamaliza moja akapumzika kabla ya kuingia nyingine. Mwenye ujuzi wa miaka anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ambayo ofisi zake ziko Eneo la Viwanda, ng'ambo tu ya Makongeni, pasipo kuanza upya kama mtoto. Akifika chuoni, aombe kwa barua yale anayoyahitaji: kukaa karibu na mlango, ruhusa ya kutoka bila kuulizwa mbele ya wenzake, muda zaidi katika mtihani. Maombi haya hayamdhalilishi. Nakala ya barua hiyo na jibu lake huonyesha kwamba alisoma pamoja na ugonjwa, si baada ya ugonjwa.

Daftari la nyumbani

Mwenyezi Mungu, katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, ametuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, wala tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Enyi mama na dada zetu, daftari hili aghalabu litakuwa mikononi mwenu, kwa sababu ninyi ndio mnaoyaona ya usiku.

Liwe daftari la kawaida la shule. Kila siku mstari mmoja au miwili inatosha: tarehe, amelala saa ngapi, amehudhuria darasa au la, kimetokea nini. Kwa mfano: Jumatatu, amelala saa nne, ameenda chuo, amemaliza kipindi. Jumanne, ameamka akipiga kelele, hakwenda. Alhamisi, mashine imelia karakanani, ametoka, amerudi baada ya nusu saa. Andikeni siku njema na siku mbaya kwa uaminifu ule ule. Daftari lenye misiba mitupu halisadikiki, na lenye furaha tupu litamdhulumu mwenyewe.

Pamoja na daftari hilo, wekeni faili moja yenye nakala za hati ya kuachishwa jeshi, uamuzi wa bodi ya madaktari, ripoti za kliniki, risiti za dawa, barua za chuo na kila barua iliyopelekwa, ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Nakala za pili zikae kwa jamaa mwaminifu, kwa kuwa nyumba huungua na watu huhamishwa. Wala msimkabidhi hati za asili dalali anayeahidi kuongeza kiwango kwa malipo.

Siku ya kupimwa tena

Siku hii huwaharibia wengi kwa sababu ya haya. Mwanamume aliyefunzwa kutolalamika huvaa shati safi, husimama wima, na akiulizwa hali hujibu, "Alhamdulillah, sijambo." Kumshukuru Mungu ni wajibu, lakini mbele ya daktari swali la hali ni swali la ushahidi. Qur'ani katika Suratun Nisaa imetutaka tusimame na uadilifu tukitoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Kuficha maradhi mbele ya anayekupima ni kuficha ushahidi, kama ambavyo kuyazidisha ni kuutia uongo.

Aseme basi: ninasoma; nimehudhuria siku kadhaa kwa wiki; nimekosa siku kadhaa kwa sababu hizi; nikirudi nyumbani ninahitaji saa tatu za kimya; mke wangu ana daftari. Aeleze wiki nzima, si asubuhi ya leo. Ikiwezekana mke aombe kuingia naye, au aandike barua yake mwenyewe ya aliyoyashuhudia. Masomo yatajwe na mgonjwa mwenyewe, yasingoje kugunduliwa na mwingine. Jambo lililotangazwa na mwenyewe ni maelezo, na likifichuliwa na mwingine hugeuka tuhuma.

Ikija barua ya kupunguza au kusimamisha malipo, msikae mkilia wiki tatu. Andikeni siku iliyopokelewa juu ya bahasha. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiserikali ulio wa haki na wa utaratibu, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kuitekeleza ibara hiyo inataka notisi na nafasi ya kusikilizwa. Ombeni sababu, ombeni kuonyeshwa ripoti iliyotumiwa, na ulizeni rufaa inapelekwa wapi na kwa muda gani. Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma. Pelekeni faili, na wakili au mshauri wa sheria alione mapema.

Amana pande zote mbili

Tumesema mengi juu ya haki. Na tuseme juu ya amana. Malipo haya hutoka katika hazina ya umma, na ndani yake mna kodi ya mama muuza mahamri na ya kijana wa bodaboda. Anayejua katika moyo wake kwamba amepona, akaendelea kuigiza ugonjwa, anakula haramu hata kama karatasi zimekamilika. Ikifika siku Mwenyezi Mungu amemruzuku afya iliyodumu na kazi inayomtosha, naye ana wajibu wa kutoa taarifa, na atoe taarifa. Hiyo ndiyo shukrani. Lakini nafuu ya mwezi mmoja si afya iliyodumu, na kujaribu si kuweza. Pasiwe na mtu wa kumharakisha mgonjwa atangaze kupona ili kuwaridhisha wasemaji.

Na wasemaji ni sisi sote. Jirani anayemwona askari akirudi chuoni na kusema, "Kumbe alikuwa akijifanya," ametoa fatwa pasipo elimu, na huenda ameuvunja moyo uliokuwa umeanza kuinuka. Maimamu wa misikiti ya mitaani tunawaomba walitaje jambo hili katika hutuba, na kina mama katika darsa zao wawape nafasi wake wa askari wazungumze pasipo kuaibishwa. Kwa askari aliyezoea kulinda usiku kucha, si jambo dogo kuketi na kitabu mbele ya mwalimu, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni. Tumwache asome.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa miili na nafsi, awape wake zao subira na malipo mema, na atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Wabillahi tawfiq.